Macho yanayowaka gizani: punda wa ami yangu, flashi, na msitu wa Boni

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na si uvivu. Nilikuwa nyumbani Lamu, na kule ukishashuka gatini tu ule mwendo wa Nairobi unakutoka mwilini wenyewe. Nilibeba kompyuta nikidhani kila usiku nitakaa kuandika programu. Badala yake nimerudi na picha karibu mia nne za punda na paka, na swali moja lililonikaa kichwani mpaka leo: kwa nini kila mnyama niliyempiga picha usiku ametoka na macho kama taa za gari?

Ilianza hivi. Ami yangu ana punda watatu wa kubeba mawe na mchanga. Kwa wasiofika Lamu, mji wenyewe ni vichochoro, na mzigo mwingi hupanda mgongoni mwa punda. Mmoja wa punda hao amezeeka sasa, hapewi kazi nzito, na ami akaniomba nimpigie picha ya kuwekwa ukutani. Nikampiga baada ya Isha, kichochoroni, kwa kamera yangu ndogo yenye flashi ya ndani. Nikamwonyesha ami palepale kwenye kioo cha kamera. Akatazama, akanirudishia.

"Huyu si punda wangu, mwanangu. Huyu ni jini. Mato yawaka."

(Mato ndiyo macho kwa Kiamu, ndugu zangu wa bara.)

Mimi na digrii yangu ya kompyuta nikamjibu, "Usijali ami, nitayafuta kwenye kompyuta." Makala haya ni maelezo marefu ya kwa nini jibu lile halikuwa zuri.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachowaka. Mnyama hatoi mwanga wowote. Zamani watu wengi waliamini kwamba paka ana moto ndani ya jicho, na hata wasomi wa Ulaya walilibishania jambo hili mpaka mwaka 1810, Bénédict Prévost alipoeleza kwamba macho hayo hayaonekani kabisa katika giza totoro. Mwanga lazima utoke nje, uingie, kisha urudi. Kinachourudisha ni utando ulio nyuma ya retina, unaoitwa kwa Kilatini tapetum lucidum, kama kusema zulia linalong'aa. Kazi yake ni kumpa mnyama wa usiku nafasi ya pili: mwanga uliopita retina bila kunaswa unagonga zulia lile na kupita tena. Kwa paka na jamaa zake zulia hilo ni tabaka za seli zilizojaa vijiti vidogo mno vilivyopangika. Kwa punda, ng'ombe na paa ni nyuzi. Ndiyo maana paka wangu wametoka kijani-manjano na punda wametoka buluu-kijani. Nguruwe hana. Binadamu pia hatuna, wala nyani na tumbili. Sisi tukipigwa flashi tunatoka wekundu kwa sababu mwanga unarudi na rangi ya damu iliyo nyuma ya jicho. Komba anayo, na ndiyo maana ukimulika mti usiku unaweza kuona vijinga viwili vya rangi ya machungwa vikiruka kutoka tawi hadi tawi.

Sasa jambo ambalo msomaji lazima alishike, maana historia yote inayofuata inalizunguka hilo tu. Jicho ni lenzi. Mwanga ukiingia kupitia lenzi na kugonga zulia nyuma yake, hurudi kwa njia ileile, kuelekea kule ulikotoka. Hautawanyiki ovyo kama unaogonga ukuta wa chokaa. Kwa hiyo anayeona macho yakiwaka ni yule tu ambaye jicho lake, au lenzi yake, liko karibu na taa. Ndiyo sababu mtu mwenye tochi kwenye paji la uso anaona macho ya mnyama na mwenzake aliyesimama hatua kumi pembeni haoni kitu. Percy Shaw wa Halifax, Uingereza, alitumia kanuni hiyohiyo mwaka 1934 aliposajili vile vijicho vya kioo vya kuwekwa katikati ya barabara, vinavyomrudishia dereva mwanga wa taa zake mwenyewe. Na kabla yake, mwaka 1851, Hermann von Helmholtz aliieleza dunia chombo chake cha kutazamia ndani ya jicho la mgonjwa. Siri yake ilikuwa kuuleta mwanga na jicho la daktari kwenye mstari mmoja. Yaani tunachokiita kasoro kwenye picha, kwa daktari wa macho ndicho chombo cha kazi.

Wawindaji walilijua hili kabla ya Helmholtz, bila hesabu yoyote. Wenyeji wa eneo la Maziwa Makuu ya Marekani, Waojibwe, waliwinda usiku kwa mtumbwi wakiwa na moto mbele. Kulungu akija majini anasimama kuushangaa ule moto, macho yake yanawaka, na mwindaji analenga kati ya nukta mbili. Tuliweke jambo hilo akilini: mwanzo wa yote, macho yanayowaka yalikuwa shabaha.

Mwanasheria mmoja wa Pennsylvania, George Shiras, alijifunza uwindaji ule, kisha katika miaka ya 1890 akabadilisha kitu kimoja. Akaacha mtumbwi, akaacha taa ya mbele, akaacha hata kunyemelea kimyakimya kuelekea nukta mbili, lakini mahali pa bunduki akaweka kamera. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walikuwa wametengeneza unga wa magnesi uliochanganywa na kemikali nyingine, unaolipuka mara moja na kutoa mwanga mkali. Mwezi Julai 1906 jarida la National Geographic likachapisha picha zake 74 kwa mpigo, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa jarida la wanajiografia wa wakati ule. Shiras alikuwa amekaa pia katika Bunge la Marekani, na mwaka 1904 alipeleka mswada wa kulinda ndege wanaohama. Lakini hata yeye alimtafuta mnyama kwa macho yake yanayowaka. Bila kuwaka kule asingejua pa kuelekeza kamera.

Huku kwetu kazi hiyo ilifanywa na mtu wa aina tofauti kidogo. Carl Georg Schillings, Mjerumani, alizunguka na msafara mkubwa wa wapagazi katika nyika za Kilimanjaro na kando ya mto Pangani, nchi ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Ujerumani na sasa ni Tanzania. Mwaka 1905 kitabu chake kilitoka Leipzig, na jina lake linaeleza kila kitu: kwa flashi na bunduki. Aliua wanyama wengi mno, kisha baadaye akawa mmoja wa waliopiga kelele kwamba wanyama wa Afrika wanamalizwa. Mitambo yake ya usiku ilifyatuliwa na mnyama mwenyewe kwa kugusa uzi, ikaacha picha kwenye bamba za kioo. Na chambo cha simba? Ng'ombe, na punda. Nilipokuwa nasoma habari hizi usiku, huku nje ya dirisha punda wa ami akilia, sikujisikia vizuri. Wapagazi waliobeba zile kamera nzito, vioo na unga ule wa hatari hawatajwi sana katika historia ya upigaji picha, ingawa bila wao hakuna hata picha moja ambayo ingefika pwani bila kuvunjika.

Ule unga ulikuwa na balaa zake. Moshi, cheche, mlio, na ukikosea kipimo unaungua uso. Lakini ulikuwa na heri moja ambayo nadhani hakuna aliyeithamini wakati ule: huwezi kuuwasha juu ya kamera yenyewe bila kuharibu kamera. Lazima ukae mbali kidogo, juu au pembeni. Pembe ikapatikana bure.

Kisha maendeleo yakaja na kuiondoa pembe ile. Mwaka 1929 Ujerumani ikatoa balbu ya flashi, mwako na moshi vikafungiwa ndani ya kioo. Mwaka 1931 Harold Edgerton wa chuo cha MIT akatengeneza flashi ya umeme inayoweza kuwaka tena na tena. Mwaka 1964 Voigtländer wakauza Vitrona, kamera yenye flashi ya umeme ndani yake, na mwaka 1975 Konica wakatoa C35 EF ndogo ya mfukoni, nayo ikiwa na flashi ya ndani. Kila hatua kamera ilikuwa nyepesi zaidi, na kila hatua taa ilisogea karibu zaidi na lenzi. Watu wakaanza kuona albamu zao za harusi zimejaa maharusi wenye macho mekundu. Watengenezaji walijua sababu, kwani katika miaka hiyohiyo ya 70 ziliuzwa balbu zilizopangwa kwenye kijimnara kirefu, Flipflash, ili mwanga ukae juu zaidi ya lenzi. Lakini kijimnara hakiingii mfukoni, na mfuko ukashinda.

Hebu tupige hesabu kidogo, ndiyo raha yangu. Flashi ya kamera yangu iko sentimita 4 kutoka kwenye lenzi. Punda alikuwa mita 4 mbele yangu. Pembe kati ya taa na lenzi, ukiitazama kutoka kwenye jicho la punda, ni kama nyuzi 0.57. Hiyo ni karibu na sifuri, yaani nimejiweka pale pale mwanga unaporudi. Nikiishika flashi mita 1 pembeni, pembe inakuwa nyuzi 14. Sasa mpeleke mnyama mita 20, kama ilivyo kwa wanyama pori. Flashi ya ndani inabaki na nyuzi 0.11, na hata ile ya mita 1 inashuka hadi nyuzi 2.9. Umbali unaila pembe. Ndiyo maana mtu anayepiga picha za harusi anaweza kujiokoa kwa flashi ya juu ya kamera, lakini mpiga picha wa chui hawezi, na ndiyo maana wanaofanya kazi hii sawasawa huziacha flashi zao porini, karibu na njia anayopita mnyama, zimetengwa kabisa na kamera. Mwingereza Will Burrard-Lucas alipompiga picha yule chui mweusi wa Laikipia, zilizotangazwa mwaka 2019, alitumia kamera ya kutega na flashi zilizotengwa namna hiyo. Teknolojia mpya, wazo la Schillings, ila safari hii hakuna punda aliyefungwa.

Turudi kwangu. Nilikuwa na picha mia nne zenye macho ya jini na nilikuwa nimemwahidi ami. Nikakumbuka kwamba programu za kufuta macho mekundu zina umri mkubwa. Kodak walipata hataza ya kuyatafuta na kuyarekebisha bila mkono wa mtu mwaka 1995. Wazo lake ni rahisi: tafuta doa jekundu, lenye ukubwa na umbo la mboni, lipunguze wekundu, acha kinukta cha mwanga ili jicho lisionekane limekufa. Nikaliendesha wazo hilo kwenye picha za punda. Halikugusa kitu. Bila shaka! Hakuna wekundu pale. Punda ni buluu-kijani, paka ni manjano. Kampuni za programu za picha zilichelewa sana kuliona hili, na Adobe wenyewe waliongeza zana maalumu ya macho ya wanyama miaka mingi baada ya ile ya watu.

Na kuna tatizo la pili, baya zaidi. Macho mekundu ya binadamu bado yana habari ndani yake: kijani na buluu vimebaki, unaweza kujenga upya mboni. Jicho la paka limerudisha mwanga mwingi mno kiasi kwamba pikseli zimejaa: 255, 255, 255. Kikombe kimefurika. Huwezi kujua ndani kulikuwa na nini, unaweza tu kupaka rangi juu yake na kuomba msamaha.

Basi nikapaka. Nikaandika programu yangu. Inatafuta madoa mawili yaliyofurika, yenye ukubwa unaokaribiana, yaliyo karibu na mstari wa mlalo mmoja, yenye giza kuyazunguka. Ikiyapata, inayapaka weusi wa mboni na kuacha kinukta cheupe. Usiku mbili na kahawa nyingi ya tangawizi. Matokeo yalikuwa mazuri kupita nilivyotarajia. Paka wa Lamu, wale warefu wenye masikio makubwa waliomfanya mpiga filamu Jack Couffer aandike kitabu kizima juu yao mwaka 1998, walitoka kama paka wa kadi ya salamu. Nikajiona bingwa.

Hapo ndipo nilipomwonyesha rafiki yangu mmoja anayefanya kazi ya uhifadhi upande wa bara, yaani Lamu ile isiyo visiwa. Kabla sijaendelea, niseme kidogo juu ya upande ule, kwa sababu watalii na hata sisi wenyewe tukisema Lamu tunafikiria mji, Shela na majahazi. Ng'ambo ya maji kuna msitu. Hifadhi za Boni na Dodori zilitangazwa mwaka 1976, zikigusa Lamu na Garissa mpaka karibu na Somalia, na ndani yake na pembeni yake wanaishi Waaweer, ambao jirani zao huwaita Waboni, watu waliojua kuishi kwa asali na uwindaji mpaka Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kwa miongo kadhaa wanasayansi hawakujua vizuri kuna nini mle. Kisha kamera za kutega zikawekwa. Mwaka 2008 zikampiga picha sange mmoja mkubwa ambaye hakufanana sawasawa na sange yeyote aliyejulikana, na mwaka 2010 Shirika la Wanyamapori la Kenya pamoja na Zoological Society of London wakatangaza kwamba huenda ni aina mpya. Mwaka 2011 kundi la watafiti, Sam Andanje akiwa wa kwanza katika orodha yao, likaandika kwamba msitu huohuo una idadi kubwa kuliko mahali popote duniani ya paa nunga, yule paa mdogo ambaye watu walidhani amebaki Unguja na Arabuko-Sokoke tu. Hebu fikiria. Mnyama aliyekuwa katika hatari kubwa ya kutoweka, kumbe yuko nyuma ya nyumba yetu, na aliyetuambia ni sanduku la plastiki lililofungwa kwenye mti.

Sange na paa nunga ni wanyama wa mchana zaidi, kwa hiyo picha zao hazina taabu ya macho. Lakini kamera hailali. Usiku hupita kanu, fisi, chui, nungunungu, muhanga, komba akishuka chini. Na tangu Septemba 2015, serikali ilipoanzisha Operesheni Linda Boni dhidi ya al-Shabaab, kuingia msituni ovyo si jambo la mzaha. Kamera inaweza kukaa pale ambapo mtu hawezi kukaa. Kwa hiyo kila picha ina thamani, hata mbaya.

Rafiki yangu akanipa folda moja ya picha za usiku nijaribu programu yangu. Baadhi zilikuwa za flashi nyeupe, zenye rangi. Nyingine za taa ya infraredi, ule mwanga ambao jicho halioni, zimetoka nyeusi na nyeupe. Nilidhani infraredi ingekuwa imemaliza tatizo. Haikulimaliza. Inamsaidia mnyama asishtuke, na hilo ni jambo kubwa, kwani mnyama aliyepigwa na flashi nyeupe anaweza kuikwepa njia ile siku nyingine, na mwizi wa kamera naye huona zilipo. Lakini kwa kuwa mnyama hauoni mwanga huo, mboni yake inabaki imefunguka yote, na macho yanatoka meupe pepepe. Ule ujanja wa kamera za dukani, wa kuwasha kataa kabla ya flashi ili mboni zijifunge, porini haufai kitu: mnyama ama anageuza kichwa ama ameshaondoka.

Nikaiendesha programu. Dakika chache, picha zote safi. Nikamgeuzia kompyuta kwa fahari. Akapitia moja moja, akafika kwenye moja, akasimama.

"Na huyu umempeleka wapi, bwana?"

"Nani?"

Akafungua ile ya asili. Giza tupu, shina la mti upande wa kushoto, na katikati nukta mbili ndogo. Hakuna mwili, hakuna masikio, hakuna mkia. Nukta mbili tu. Mwili ulikuwa mbali na nguvu ya flashi, lakini macho yaliurudisha mwanga wote kwenye lenzi, kwa sababu ile niliyoieleza hapo juu. Programu yangu ilikuwa imezipaka nyeusi. Picha yangu "safi" ilikuwa picha ya msitu usio na mnyama.

Sikuwa na la kusema. Yeye kwa upole akanionyesha anavyozisoma. Anajua urefu wa shina lile, kwa hiyo anakadiria macho yako juu kiasi gani kutoka ardhini. Anaangalia nafasi kati ya nukta na nukta. Anaangalia kama yametazama mbele yote mawili, kama ya paka, au moja limefifia kwa sababu mnyama ana macho ya pembeni, kama paa. Anaangalia rangi, ikiwepo. Mara nyingi haandiki jina la mnyama, anaandika tu kwamba saa fulani kulikuwa na kitu. Lakini "kulikuwa na kitu" na "hapakuwa na kitu" ni majibu mawili tofauti, na katika jedwali la miezi sita tofauti hiyo ndiyo inayomwambia mtu kama msitu unaishi au unakwisha. Wanaohesabu mamba mitoni hufanya kazi yao kwa njia hii hasa, wanamulika usiku na kuhesabu macho. Hawahesabu mamba, wanahesabu mwanga unaorudi.

Nimejiuliza sana kosa langu lilikuwa wapi, kama mtu wa programu. Hesabu ilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa majaribio. Picha zangu mia nne zote zilikuwa za punda na paka waliosimama mita 4 mbele yangu, mwili mzima umemulikwa. Programu haikuwahi kukutana na mnyama ambaye macho ndiyo kila kitu alichonacho. Na mimi sikuwahi kufikiria yupo. Waliofundisha kompyuta kutambua wanyama wa Serengeti, kutoka kamera 225 zilizowekwa tangu 2010 na kuhesabiwa na maelfu ya watu wa kujitolea kwenye tovuti ya Snapshot Serengeti, walikuwa na picha milioni 3.2 mkononi walipochapisha kazi yao mwaka 2018. Mimi nilikuwa na kichochoro kimoja.

Nimeibadilisha programu. Sasa haifuti kitu. Ikiyaona macho inaandika kwenye faili pembeni: picha gani, saa ngapi, nukta ziko wapi, ziko mbali kiasi gani kati yao, zina rangi gani. Picha ya asili haiguswi. Rafiki yangu anaitumia kumtolea zile ambazo angeweza kuzipita kwa uchovu, maana ukitazama picha elfu tano za majani yanayopepea, nukta mbili kwenye kona ni rahisi sana kukuponyoka. Siku ya kwanza ilimtolea kumi na moja. Tatu zilikuwa umande kwenye jani, moja ilikuwa tundu la mwezi kati ya matawi. Saba zilizobaki ameziandika.

Na punda wa ami? Usiku wangu wa mwisho nilimwita binamu yangu, nikampa flashi ya kununua niliyoiazima kwa mpiga picha wa harusi, ile inayowashwa kwa redio, nikamwambia asimame kichochoroni upande wa kulia, karibu mita moja na nusu kutoka kwangu, ainue mkono juu ya kichwa. Punda akageuza shingo kidogo kumtazama binamu badala yangu, nayo ikasaidia. Macho yakatoka meusi, mazito, na kinukta kimoja cha mwanga katika kila moja. Ukiangalia vizuri unaona hata kope.

Nikaisafisha picha asubuhi kwa duka la pale karibu na ngome, nikampelekea ami. Aliishika kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza mbona sikumvika shogi lake, maana bila shogi watu watadhani ni punda wa mtu mwingine.